Ungo

U mashine ya tatu chumbani humu.
Mbili zilizokutangulia zilifia kazini,
zikabebwa na lori hadi bohari.
Nami ni yule yule, miaka ishirini na tisa
katika hospitali hii ya Al-Khudh,
na leo nastaafu.

Nilianzia kwenye hadubini. Huko niliuona mundu:
seli iliyopinda, ncha huku, ncha huku,
sawasawa na ule aliopandia mitende
babu yangu, kule Rustaki.
Wa babu ulivuna tende. Huu
ulivuna magoti, wengu, darasa la nne.

Aliyekupa jina ni Bi Shinuna wa Ibra,
mzaliwa wa Mkoani. Alisikia lafudhi yangu
akakiacha Kiarabu mlangoni pamoja na viatu.
"Damu ya mwanangu yaenda wapi?"
Yatoka mkono huu, Bi mkubwa, yarudi mkono ule;
sisi twabakiza mbegu tu.
"Kumbe mwapepeta!" akasema,
akavuta kiti, akakaa.

Mwanawe Ghasani, dereva wa matrela ya Sohari,
aliogopa sindano kuliko wadi lililofurika.
Saa nne nzima alitazama dari
akivitaja vituo vya petroli, kimoja kimoja, mpaka Maskati.
Mfuko ukajaa rangi ya maji ya mapera.
Nikaubeba koridoni kama mayai ya jirani.
Dada yake, Raya, sasa ana kundi la damu la kaka:
"Hata mbu," asema, "hatatubagua."

Lakini Haithamu.
Ndugu kumi na mmoja, tuliwapima wote,
asilingane hata mmoja.
Baba yake alivua kofia, akaizungusha mapajani:
"Tuzae mwingine?"

Walizaa. Msichana. Alilingana
kama ufunguo na kufuli lake.
Haithamu alikuwa na miezi minne kaburini.

Nimeandika makala arubaini na mbili.
Hilo halimo.

Kesho ataingia zamu Daktari Azza.
Nimemwonyesha: kizibo cha kushoto hukwama,
kigongwe kwa kiganja, polepole;
mtoaji akifa ganzi midomo, apewe dawa na glasi ya laban;
blanketi liletwe kabla hajaliomba.
Akaandika yote kwenye kijitabu chake cha bluu.

Habari za Haithamu sikumpa.
Atakutana na wake.