Bomba la Nusu Inchi

Mwalimu Rwegoshora amekuja mara ya tatu
na daftari lake la mistari, penseli sikioni kama fundi mwenzangu.
Hataki msalaba wa marumaru; ninayo minne imeegemea ukuta.
Hataki malaika wa saruji, yule niliyemkosea pua.
Anataka mlango.

"Mlango wa nini, Mwalimu?"
"Wa kaburi. Wa mbao mbili, uuchonge upande wa kichwani.
Mmoja ufungwe. Wa pili uachwe wazi, upana wa kiganja."

Nikaweka tindo chini.
Akanieleza habari za Warumi, wale wa kale,
waliozika nje ya mji, kandokando ya barabara,
ili mpita njia asome jina kwa sauti
na marehemu asikie anatajwa.
Nikacheka. Basi na sisi wa Kinondoni ni Warumi:
mji ulitukuta tunazika, ukatupita.

Walichonga pomboo, akasema, wa kubeba roho ng'ambo ya maji.
Simba anamrarua swala, ndiyo mauti yenyewe.
Na sarafu mdomoni mwa maiti, nauli ya mvushaji.
"Na chenji?" akauliza Chande, anakoroga zege.
Lakini mlango, Mwalimu akasema, ule mlango,
hakuna ajuaye kama wa ndani anatoka
au wa nje ndiyo kwanza anaingia.

Kisha akafunua ukurasa uliokunjwa.
"Na bomba. La nusu inchi.
Litoke juu, lishuke mpaka usawa wa kifua chake."
Walimimina divai. Maziwa. Asali.
"Wafu wana kiu," akasema,
akafuta miwani isiyokuwa na vumbi.

Sikumwambia nilichokumbuka:
bibi yangu Binti Kondo, kule Maneromango,
na kata ya togwa juu ya kaburi la mumewe,
anaita majina, udongo unakunywa,
na mjomba aliyerudi kutoka chuoni amegeuza uso
kama aliyemfuma mtu anaoga.
Tangu siku hiyo nimeswali, sijatambika.
Lakini mkono ukaandika wenyewe:
bomba, nusu inchi, futi sita.

Padri alipita kukagua, akanyoosha kidole.
"Na hili?"
"La kutolea unyevu, Baba. Saruji nayo inapumua."
Mungu anisamehe. Nilidanganya kwa niaba ya dini tatu.

Siku ya maandishi akaniletea jina, Adeodata,
na chini yake herufi nne tu: S, T, T, L.
"Maana yake?"
"Udongo usikulemee."

Nikaitazama kazi yangu.
Mifuko saba ya saruji. Nondo. Kokoto za Kunduchi.
Terazo niliyoisugua mpaka ikaonyesha mawingu.
Miaka ishirini na sita nawalaza watu chini ya mzigo
na ndugu zao wananishukuru, wananiongeza na ya soda.

Usiku nikarudi na grenda.
Mlinzi alidhani ni wezi wa vyuma; nikamwonyesha uso.
Nikakata katikati, mstatili, kiasi cha mtu aliyelala,
nikang'oa zege kipande kwa kipande,
nikaacha bomba limesimama
na udongo mtupu unaangalia juu.

Asubuhi Mwalimu alifika na chupa ya chai.
Si divai. Tangawizi, bila sukari.
Aliuona udongo. Hakuniuliza.
"Alikuwa hapendi ya moto sana," akasema,
akaipuliza kikombeni kwanza, taratibu,
kisha ndiyo akaimimina.
Bomba likakoroma mara moja,
kama mtu anajigeuza kitandani.

Kwenye risiti niliandika: mlango, mmoja. Bomba, moja.
Saruji niliyoing'oa nikaikata kwenye bei.
Nikamnyooshea.
Hakuipokea. Alikuwa amepiga magoti,
suruali nzuri, kwenye tope la chai,
sikio juu ya bomba.