Kadi Mia Tatu

Kadi ni mia tatu. Alizikata kwa maboksi ya viatu,
akazifunga mpira mafungu mafungu, akazipanga kidakani
mahali pa sahani za bibi yake, zilizouzwa
mwaka wa ugonjwa wa babake.
Baada ya isha hunitupia fungu mapajani:
"Mama, niulize."

Mimi na Kijapani wapi na wapi! Mimi mshona kofia.
Lakini tobo nalijua, na uzi najua ulikopita,
na zile alama zao, nikizikodolea, naona mkono:
hapa umeshuka, hapa umekata kona,
hapa aliyeandika alipumua.
Nyuma ya kadi Nuswaiba ameniandikia matamshi
kwa herufi zetu, nisitaabike.

Nani?
"Nini."
Nakuuliza wewe: nani?
"Ndiyo nimekujibu. Kwao nani ni nini."
Hai?
"Ndiyo."
Ndiyo nini?
"Hai ni ndiyo, Mama."
Basi kila aliye hai amekubali. Tuendelee.
Tako?
Hapo tulicheka hadi Bi Somoe akagonga ukuta.
Pweza, masikini. Ni pweza tu.
Mimi?
Hakusema kitu. Alishika sikio lake, akalivuta.

Ada ya mtihani ililipwa na kofia mbili.
Moja kwa bei yake, ya vito, miezi minne ya macho yangu.
Ya pili nusu bei: ilichelewa arusi,
bwana arusi akavaa ya kuazima,
nami sikuwa na la kujitetea ila kwamba usiku
nilikuwa nikiuliza kadi.

Kuna zoezi la kusikiliza. Simu inasema, yeye anaandika.
Mwanamke na mwanamume wapo kituoni,
garimoshi limechelewa dakika mbili, linaomba radhi,
je, watapandia jukwaa la ngapi?
Mwanangu kazaliwa Langoni. Kichochoro chetu,
ukikutana na punda, mmoja wenu arudi nyuma.
Jukwaa! Ngazi inayopanda yenyewe!
Anakosea, anarudisha, anakosea.
Nami na sindano yangu naona haya
kwamba kisiwa hiki sikukiongezea hata reli moja.

Siku ya usaili mtandao ulipatikana juu ya dari tu.
Akakaa mkekani, buibui limepigwa pasi,
walimu watatu ndani ya simu iliyoegemezwa kinu.
Mimi ngazini, chini, kadi kifuani, pumzi nimezibana.
Akajitambulisha. Akaeleza hesabu anazozipenda.
Wa katikati, sauti ikalainika.
Ndipo punda wa Famau, asiyejua saa wala cheo cha mtu,
akaanza chini ya ukuta, akavuta, akavuta, hakumaliza.
Yule wa katikati akauliza jambo. Nikasikia nani ndani yake.
Kimya.
Neno hilo lilikuwa fungu la mwisho, hatujalifikia.
Lakini mimi nilishalichungulia, siku moja nikingoja chai ichemke,
na likanikaa bila taabu: punda na viroba, nani asiyejua?
"Roba," nikanong'ona.
"Roba desu," akasema mwanangu,
na wale watatu wakacheka, kicheko cha kufunikwa na mkono.

Sijui kama ule ni wizi wa mtihani.
Nimemuuliza Mungu. Nuswaiba sijamuuliza.

Leo yuko Nairobi. Karatasi yenyewe ni kesho asubuhi,
na huko hakuna ngazi ya mtu kujificha.
Nimelifungua fungu la mwisho peke yangu,
kofia ya watu imelala, haijaongezwa tobo.
Nauliza, najibu, nageuza.
Kisha nimerudi kuitafuta ile moja ya zamani,
mimi, nikaisoma kwa sauti chumba kitupu,
na mkono ukaenda wenyewe sikioni.