Jicho Lenye Pazia

Ile ya zamani ilienea mfuko wa shati.
Ukiiamsha, pua yake ilichomoza, kwiii,
kama konokono anayeulizia hali ya hewa,
kisha yenyewe ikaamua: mwanga kiasi hiki,
umbali kiasi kile, na jioni ikiingia
ilikumulika usoni bila hodi.
Baba aliinunua Punta Arenas, siku aliyopeleka sufu,
akarudi nayo Puerto Natales mbele ya usukani wa lori,
imevishwa soksi mpya.

Miaka kumi na minne alitupiga picha:
kondoo walionyolewa wakisimama kwa aibu,
bati la jirani likipita barabarani peke yake
siku ya upepo wa Oktoba,
mimi na pengo, mimi na cheti.
Na kila picha, pembeni, juu kushoto,
wingu la rangi ya nyama:
kidole chake.
Hakuna picha ya Baba hata moja.
Kuna kidole.

Hii mpya nimeilipia kwa misimu miwili
ya kuwapikia wakata manyoya.
Nzito kama mtoto aliyesinzia begani,
na haiamui kitu.
Inaniuliza. Tundu nifungue kiasi gani?
Pazia lishuke upesi au likawie?
Wahenga walisema macho hayana pazia;
hawakuwahi kushika hili,
lenye pazia, na pazia lenye saa,
na saa yenye kuikata sekunde vipande elfu.
Wiki ya kwanza nilipiga giza.
Wiki ya pili, theluji ya buluu,
mbwa asiye na kichwa,
na jiko letu jeupe pe, kama limemwagiwa unga.

Jumapili nikawaketisha mawifi mezani,
Mama na shangazi Griselda,
ambao tangu mazishi hawajakubaliana
ni nani aliyemjua marehemu zaidi.
Nikafungua tundu lote, maana taa ni moja
na dirisha lilijaa mvua.
Kwa ile ndogo wangetoka sawasawa,
wote bapa, wote macho mekundu,
asipatikane wa kununa.
Hii ilitaka nichague.
Nikachagua bila kujua kwamba nimechagua:
shangazi akatoka na kila unywele,
na uzi uliolegea kwenye ukosi,
na unyevu kwenye kope ambao angeukana.
Mama, nusu mita nyuma yake, moshi.

"Umenifanya mvuke wa birika," akasema,
akaisukuma picha kwa ncha ya kisu cha siagi.
Griselda akaomba nakala mbili.

Nimejifunza. Ukibana tundu, wote wanarudi,
ila mwanga unapungua,
basi unaliambia pazia likawie,
na likikawia, anayecheka hugeuka ukungu,
anayepumua hutikisika.
Kila unachopata kina mahali kilikotolewa.
Nikawaomba wasipumue. Nusu sekunde tu.
Mawifi wakakubaliana jambo, mara ya kwanza:
wakanyamaza pamoja.

Picha ni nzuri. Kila mtu anasema.
Sufuria inang'aa, mikunjo inasomeka,
pembe nne safi kama shuka la hospitali.
Nimeitazama ile pembe ya juu kushoto
kwa muda ambao hakuna pazia lingeuvumilia.

Jana niliitoa ile ndogo kwenye soksi.
Betri imevimba, pua haichomozi tena.
Karibu na kioo kuna alama ya mafuta,
mistari ya duara, kama ya mti uliokatwa.
Nilikuwa na kitambaa mkononi, kile laini,
kilichokuja bure na kamera mpya.

Nikafutia meza.