Mafuta Yamevuka

Kivuko cha asubuhi kilitushusha Kome na makasha matatu:
lenzi, glovu, bahasha zilizofungwa kwa gundi,
na chupa za mafuta mepesi yasiyo na harufu
ambayo hupenya hadi kwenye tundu la pumzi ya funza
na kuliziba.

Shuleni watoto walipanga foleni ya miguu.
Siku ile ya kwanza sikuona nyuso.
Niliona visigino, nyayo, kucha zilizoinuka
kama bati baada ya dhoruba ya ziwani,
na kila uvimbe mweupe, saizi ya punje ya mtama,
una jicho jeusi katikati
linalonikodolea.

Utafiti wetu ni rahisi kuueleza:
mguu mmoja mafuta, mguu wa pili maji ya zambarau,
yale yale ya miaka yote, ya zahanati.
Bahasha ndiyo inayochagua. Si mimi, si daktari,
si bibi aliyebandika dole gumba kwenye fomu ya ridhaa
baada ya kuuliza mara mbili kama tutatoa damu.

Namba arobaini na tatu: Magafu, miaka minane,
golikipa, kwa kuwa golikipa hakimbii.
Bahasha ikasema: mafuta, kulia.
Akautazama wa kushoto.
"Na huyu amekosa nini?"

Ninalo jibu la kurasa kumi na mbili lenye muhuri.
Nikamwambia: "Hajakosa. Anasubiri."

Siku ya pili. Siku ya tano.
Kulia, macho meusi yanafifia, ngozi inanywea.
Kushoto, rangi imepanda hadi kwenye kifundo
kama mtu aliyekanyaga zambarau zilizodondoka,
na usiku, anasema bibi yake Nabigambo,
muwasho unakifanya kitanda kilie.

Siku ya saba Daktari Lwitakubi akainama na lenzi.
Akahesabu. Akanyamaza. Akahesabu tena.
"Huu wa kushoto," akasema, "umepona haraka mno."

Nabigambo akacheka hadi akajifuta macho kwa pindo la kanga.
Kumbe kila tulipoondoka, mafuta hayajakauka,
mtoto alijilaza akakutanisha unyayo na unyayo
akasugua taratibu, hivi,
kama ndugu wawili wanaogombania shuka moja
mpaka inawatosha.

"Nani alimfundisha?"
"Daktari, kidole kimoja hakivunji chawa.
Hilo nalo lina mwalimu?"

Kwenye fomu kuna kisanduku: *ukiukaji wa utaratibu*,
na chini yake mstari mmoja wa maelezo.
Nilikwenda nao mwaloni, nikakaa juu ya kreti,
dagaa wakikauka mchangani, kunguru wakiwahesabu
bila fomu yoyote.
Niandike nini? Kwamba takwimu imechafuka?
Kwamba mshiriki alishiriki kupita kiasi?

Niliandika: *Mafuta yamevuka.*

Daktari akakata kwa mstari mmoja, akatia sahihi pembeni,
akaandika kwa lugha ya jedwali.
Wala hakukosea.
Buchosa, Ukerewe, na kule tusikofika,
kuna miguu ambayo bado haijaingia foleni,
nayo inastahili jibu lisilo na huruma ndani yake,
jibu lililopimwa.
Najua. Nimeapishwa.
Ila usiku ule, nyumba ya wageni, nilijikuta
nimeweka unyayo juu ya unyayo,
nikijaribu.

Na sakafu ya Nabigambo bado ni vumbi.
Mbuzi wawili wanalala humo, karibu na mkeka wa mtoto,
na funza wapya wanaanguliwa bila kusoma ripoti.
Niliuliza kuhusu saruji. Nikaambiwa
saruji haimo kwenye bajeti ya ngozi.

Siku ya kurudi, kivuko kikichelewa,
niliona mpira uwanjani, nyuma ya mnada.
Timu ya Magafu ilifungwa mbili kwa sifuri,
zote goli likiwa tupu.
Golikipa alikuwa mbele kabisa, kule kwa wapinzani,
hana mpira,
anakimbia tu.