Kulabu

Mpanda ngazi hushuka. Ni kweli.
Ila aliyesema hakutaja kwa njia gani,
wala hakutaja kasi.

Mimi nilishuka kwa mgongo,
asubuhi ya Novemba, kaskazini mwa Michigan,
futi kumi na sita, kutoka mwaloni huu huu,
kwa sababu ya mkanda wa dola tisa
niliouacha mtini misimu miwili ya theluji
nikidhani nailoni haizeeki.
Kindi alikuwa ameutafuna upande wa nyuma.
Mbele uling'aa kama wa dukani.

Kwa hiyo leo, Tilda, hatuanzi na bunduki.
Bunduki ibaki nyumbani.
Leo ni Jumamosi ya Septemba, mbu bado wapo,
tuna ngazi ya vipande vitatu, tuna kamba,
tuna chupa ya kahawa ya bibi yako,
na mimi nina mguu mmoja wenye chuma ndani
unaojua habari za mvua kuliko redio.

Gonga shina kwanza. Sikiliza.
Mti mzima hujibu kwa ufupi, kama mtu mwenye kazi.
Uliooza ndani hukujibu kwa maneno mengi.

Mikanda yote ni mipya. Ile ya mwaka jana nimeikata
vipande vipande kwa kisu, nisije nikaionea huruma.
Vuta. Vuta tena. Ning'inia kwa uzito wako wote
ungali karibu na ardhi.
Kamba ya uhai ifungwe juu ya kichwa, ishuke mpaka chini,
fundo likufuate tangu hatua ya kwanza,
maana watu hawaanguki sana wakiwa wameketi;
huanguka wakipanda, huanguka wakishuka,
huanguka pale mguu mmoja uko ngazini,
wa pili ndio kwanza unafika jukwaani,
na akili imetangulia kwa kulungu.

Siku yenyewe bunduki utaivuta kwa kamba,
tupu, mdomo ukitazama chini.
Fulana ya rangi ya chungwa uivae, hata ukiona haya.
Andika mti gani, na saa ya kurudi,
bandika kwenye friji.
Mimi sikuandika.

Nililala hapa, kwenye mizizi hii,
tangu kulipokucha hadi saa saba mchana.
Naye akaja. Yule dume niliyemwota tangu Agosti,
pembe zake kama kiti kilichopinduliwa,
akaja akanusa kofia yangu,
akala kokwa tatu za mwaloni karibu na sikio langu
(nilizisikia zikivunjika)
akanitazama kama unavyomtazama mtu
aliyesinzia kanisani.
Akaenda zake.
Bunduki ilikuwa bado juu, inabembea tawini.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.
Mkuu nilikuwa mimi. Na guu ni langu.

Aliyenipata ni Wendell Kauppi, akimtafuta mbwa wake.
Mbwa hakupatikana.

Haya, panda.

"Babu, usiishike ngazi, unaitikisa."
Naiachia. Mikono haijui iende wapi.
Sioni uso wake, naona soli za buti tu,
na tope la shambani kwetu limekauka kwenye mifereji yake.
Atapata mnyama, hatapata, hiyo ni habari ya Novemba.
Mimi nasubiri sauti moja ndogo:
ta.
Kulabu imejifunga.
Kisha fundo linasukumwa juu. Kisha hatua.
Kisha kimya kirefu, na jukwaa linalia chini ya uzito mpya,
na mimi nahesabu kitu, sijui nini.

"Naona paa!"
Nageuka na mguu wangu wa chuma, nasahau umri.
"Paa la nyumba yetu, babu. Kumbe linaonekana.
Bibi anaanika shuka."

Miaka thelathini nilikaa juu ya mti ule.
Nilikuwa natazama chini tu.