Nyumba ya Chini

Saa kumi na moja jioni anaanza.
Anafunga kitenge, anatafuta ndala ya kushoto,
anasimama mlangoni kama mgeni
aliyehisi siku ya tatu imefika na jembe liko karibu:
"Basi, fundi, miye naenda kwetu. Giza inaingia."

Fundi ni mimi. Kakule, mwanawe wa tatu,
niliyebaki Goma na cherehani
Masika alipoolewa Butembo
na Paluku alipogeuka sauti ndani ya simu
inayouliza kila Jumapili, "Mama anaendeleaje?"
kisha mtandao unakatika kabla sijajibu.

Mwanzoni nilibishana.
Nilimwonyesha picha, nilimwonyesha kovu la paji langu
alilolikanda mwenyewe kwa maji ya chumvi.
"Mama, kwetu ni hapa. Kwingine hakuna."
Akalia kama mtu aliyetangaziwa msiba.
Kesho yake nikautangaza tena, akalia upya,
mpaka nikajiuliza:
kwa nini ninazika kila jioni?

Maana kwetu kupo.
Kupo chini ya nyayo zetu, mita mbili, labda tatu.
Mwaka ule mlima ulipotapika
tulikimbilia Gisenyi na godoro moja na kuku asiye wetu,
na tuliporudi mtaa ulikuwa jiwe jeusi linalofuka.
Baba akapima kwa hatua. Akasema, "Jiko lilikuwa hapa."
Tukajenga juu yake. Mbao, bati,
kila kitu juu ya jiwe lisilochimbika.
Mama hadanganyi.
Anaikumbuka nyumba ambayo sisi
tumeikanyaga mpaka tukaisahau.

Hakuna aliyenifundisha
jinsi mtoto wa kiume anavyomwogesha mama yake.
Siku ya kwanza nilifumba macho nikamwaga nusu bidoni,
na maji yenyewe ya kununua.
Sasa namfunika kitenge, naosha chini yake kwa kupapasa,
kama ninavyotafuta sindano iliyoanguka.
Yeye anashika pindo la shati langu, analipitisha kidoleni:
"Hii imepinda, fundi. Fumua."
Na kweli imepinda.

Alhamisi nilimpigia kelele.
Alikuwa amekata gauni la harusi la mteja,
vipande vidogo, sawasawa, vya kufungia chumvi.
Nikatoka, nikakaa juu ya jiwe, nikatamani jambo.
Sitaliandika.
Mama Kavugho, jirani, aliyemuuguza mumewe miaka sita,
akaja na sahani ya sambaza.
Nikamwambia nilichotamani.
Akasema, "Hata mimi. Kula kabla haijapoa."
Ndiyo hayo tu. Hakunipa mawaidha.
Ila tangu hapo, Jumatano, anamchukua mama wachambue sombe
nami nalala saa mbili, viatu mguuni,
usingizi mzito kama wa mtu aliyelipwa deni.

Siku hizi saa kumi na moja ikifika
nafunika cherehani, navaa koti.
"Twende, mama."
Tunazunguka mtaa. Anasalimia watu wawili watatu,
anawauliza habari za marehemu wao, wanajibu, "Wazima."
Nawashukuru kwa macho.
Tunarudi kwa mlango wa nyuma, nasema, "Tumefika kwetu."
Kuna siku anakubali. Kuna siku anacheka:
"Fundi, wewe ni mwongo,"
nasi tunazunguka tena, gizani, umeme hakuna.

Jana alisimama katikati ya uwanja.
Akachuchumaa, taratibu, akaweka kiganja juu ya jiwe,
pale pale, naapa, baba alipokomea hatua zake.
"Jiko," akasema. "Bado iko na moto."

Nilitaka kumwambia kuwa ni jua,
jua la mchana kutwa, limebaki jiweni.
Nikachuchumaa. Nikagusa.

"Ndiyo, mama. Bado iko na moto.
Tuweke maji?"