Tarakimu Ishirini

Ndani ya koti la baba, chini ya leso
yenye vumbi la pareto,
nimekuta karatasi ya luku. Hakuiingiza.
Aliinunua Tandala, asubuhi ile ya sakitu,
shilingi elfu tano,
na jioni tukamrudisha nyumbani kwa gari la viazi.

3071 6482 9950 1738 2267

Enesia ananguruma toka jikoni, gizani:
"Ingiza basi, kaka! Natafuta hata mwiko kwa kupapasa!"
Kidole changu kiko juu ya tatu. Hakishuki.

Kwanza jina lake. Milioni thelathini za trilioni
na ushee, na hapo ulimi unakwama
kama toroli kwenye tope la masika.
Baba angecheka. Karani wa mizani
haogopi namba kwa urefu.
"Namba ndefu ni gunia," alikuwa akisema,
"fungua mdomo, tia mkono."

Natia mkono.
Najumlisha moja moja: tisini.
Tisa na sifuri, tisa. Basi tisa inaigawa,
haibakishi punje.
Nakata tatu tatu kutoka kulia,
kama alivyonionyesha nyuma ya risiti za chama,
nakusanya mafungu: elfu mbili mia nane themanini na tisa.
Ile mbili ya mbele naitupia nyuma:
mia nane tisini na moja,
ambayo ni ishirini na saba mara thelathini na tatu.
Kumbe na ishirini na saba imo!
Tatu, ndani ya tatu, ndani ya tatu.
Nabisha hodi kwa themanini na moja: hakuna mtu.
Saba inaacha tano mlangoni.
Kumi na moja je? Nachukua moja, naruka moja,
hamsini huku, arobaini kule,
tofauti kumi.
Ah. Imepungua moja tu.

Na kinachosalia ukiitoa ishirini na saba,
tarakimu kumi na tisa zilizojifunga blanketi,
sijui ni namba tasa au imeficha wana.
Kata hii nzima hakuna wa kuniambia,
na aliyekuwa angejaribu
tumemfukia Jumanne.

Mashine ukutani huimeza mara moja.
Ukiirudia itakwambia imetumika.
Uniti zenyewe hazifiki Jumapili.
Lakini ishirini na saba haitatoka humo,
hata nguzo zote zilale
toka hapa mpaka Njombe,
hata karatasi ioze, hata mimi.

"Kaka!"

Tatu. Sifuri. Saba. Moja.
Sita, nne, nane, mbili, naenda,
vidole vina ganzi ya baridi,
na penye saba nabonyeza nane.
Mashine inalia, inakataa.
Ni kweli: tisini na moja, tisa haiingii.

Nakung'uta mkono.
Naanza tena kwenye tatu.